Maziwa ya Mama Mkwe

Kila Jumapili mama mkwe wangu, Mukakalisa, hushuka kutoka Masisi na maziwa ya ng'ombe wake. Huyamimina mwenyewe, mimi na Rosette tukiwa tumeketi mbele yake. Rosette ni mke wa shemeji yangu; tunaishi ua mmoja hapa mtaani Majengo. Yeye humaliza kikombe bila kupumua, kisha huitwa "mutoto wangu." Mimi Kaswera, mzaliwa wa Butembo, nikifika nusu ya kikombe, tumbo hunguruma, nakimbilia choo. Kwa watu wa mama mkwe, kukataa maziwa ni kumkataa aliyekuletea. Ndiyo maana mimi bado naitwa "bibi ya Habarurema," yaani mke wa mwanawe tu.

Wivu ulinila. Mama alipotangaza kwamba siku ya Pasaka atampa mmoja wetu icyansi, kile chombo cha mti cha maziwa alichoachiwa na mama yake, nilijua atampa nani. Na chanzo cha tumbo langu nilikijua pia: Rosette ananitilia kitu kikombeni.

Nikaenda kwa Daktari Zihindula nipate karatasi ya kumwumbua.

"Pengine ni maziwa yenyewe," akasema. "Kesho asubuhi ukuye hapa bila kula."

Nikamwomba ampime na Rosette, tuone tofauti. Rosette hakutaka, lakini nilimwomba mbele ya mama mkwe, akakosa pa kukimbilia.

Tulichomwa kidole, sukari ya damu ikapimwa. Kisha kila mmoja akanywa glasi ya maji yaliyokorogwa na sukari ya maziwa. Tukachomwa tena baada ya nusu saa, baada ya saa moja, na baada ya saa mbili.

"Kama tumbo inavunja hii sukari, ile ya damu inapanda," daktari akaeleza. "Yako, mama, haikupanda. Hakuna mutu anakupatia sumu. Acha maziwa mabichi, hata ikichemshwa. Ile yenye kuganda, mashanza na fromage, unaweza kujaribu kidogo."

Nikageuka nimwone Rosette akinicheka. Alikuwa amejikunja kwenye benchi, jasho linamtoka. Yake pia haikupanda.

"Miaka mbili, yaya," akaninong'oneza, kama kwa dada mkubwa. "Nakunywaka, kisha naenda kulala kwa jirani mpaka ipite. Usimwambie mama."

Ningemhurumia. Badala yake nilikasirika: kumbe hata kuumia kwa ajili ya mama mkwe amenishinda.

Siku ya Pasaka mama akamimina. Karatasi ya daktari, yenye majibu yetu wote wawili, nilikuwa nayo ndani ya kitenge. Ilitosha kuitoa tu. Rosette akanitazama, akanywa kikombe chake chote, akatoka. Mimi nikanywa viwili.

"Mutoto wangu," mama akasema, akinitazama mimi, na icyansi akaniwekea mikononi.

Nikashukuru haraka haraka, nikakimbia nayo uani. Mlango wa choo ulikuwa umefungwa. Ndani, Rosette akakohoa ili nijue yumo. Nikabaki nimesimama pale, icyansi kifuani, tumbo likichafuka, nikimwonea wivu.