Kisu cha Mkono Mmoja

Siku Kahongya alipoteremka kutoka kwenye mizinga yake ya nyuki akiwa amevimba uso mpaka jicho moja limefunga, mdogo wake Gamaliel alikuwa anamngoja uani, na maneno alikuwa ameshayapanga.

"Yaya, imetosha," alimwambia dada yake. "Jirani yetu Kitsa iko tayari kununua mizinga yote. Hata kesho anaweza kuja kubeba. Uuzishe, upumuzike."

Kahongya alikaa juu ya gogo la mkaratusi, akaanza kung'oa miiba shavuni kwa ukucha, mmoja baada ya mwingine. Mizinga ile ilikuwa ya baba yao. Aliirithi yeye kwa sababu katika watoto wote ndiye aliyekuwa akimfuata mzee msituni bila kuitwa. Huko Masereka, milimani, watu walikuja kugonga mlango wake mtoto anapokohoa, wakitaka asali ile nyeusi. Kisha mwaka juzi pikipiki iliyombeba kwenda mjini Butembo iliteleza kwenye matope, akaangukia bega. Mfupa uliunga, ila mkono wa kushoto haukurudi. Ulining'inia tu ubavuni, hauwezi kushika hata kijiko. Alijifunza kumenya viazi akivibana kwa magoti. Alijifunza kufunga kitenge kwa meno. Kilichomshinda mpaka asubuhi hiyo kilikuwa moto.

Ukungu ulikuwa mzito, matone yanadondoka kila tawi. Alikuwa ameshafungua mzinga, sega liko wazi mbele yake, kopo la moshi likazimika. Briké yake, kile kiwashio cha gesi, ilikuwa imelowa na gumba lake lina asali. Akasugua mpaka ngozi ikachubuka, haikutoa hata cheche. Kiberiti ndiyo usiseme, kinataka mkono mmoja kwa kijiti na mwingine kwa kiboksi. Bila moshi, nyuki wakamjia wote.

"Sitauzisha," alimwambia Gamaliel. "Shida yangu hapana nyuki. Ni moto. Nitatafuta moto yenye maji haiwezi kuzima."

"Moto ya vile iko wapi?"

"Butembo. Kama kuko mutu anaiuzisha, iko Butembo."

Hakuwa anabahatisha. Zamani kidogo mafundi walikuja kupima mto wa chini ya kijiji, na mmoja wao alikuwa na kisu ambacho kando ya ala yake kilikaa kijiti cheusi cha madini, kinene kama kalamu. Mvua inanyesha, yule bwana akakwaruza kijiti kwa mgongo wa kisu, cheche nyeupe zikamwagika kama unga. Kahongya alikuwa amesimama pale na ndoo ya maji kichwani, akaangalia mpaka shingo ikauma. Na kisu chenyewe alikihitaji pia, cha kukata masega na kubandua vifuniko.

Uvimbe ulipopungua akapanda pikipiki, akashika njia ya Butembo.

Duka alilolichagua lilijaa mapanga, kamba, tochi na makoti ya mvua. Muuzaji aliitwa Sadrack, kijana wa maneno mengi. Kabla Kahongya hajamaliza kueleza, alikuwa ameshaweka mezani kisu kirefu chenye meno ya msumeno mgongoni. Mpini wake ulikuwa mtupu ndani. Alifungua kifuniko akamimina dira ndogo, uzi, ndoano na viberiti vichache.

"Hii ni ya commando, mama. Ukiwa nayo, hata pori inakuogopa."

Kahongya alikibana kisu kwa goti kwenye ukingo wa meza, akasukuma mpini kwa kiganja. Pale chuma kilipoingia kwenye mpini pakalia.

"Inacheza," alisema.

"Mais ni kidogo tu!"

"Leo kidogo. Siku nitabandua nayo kifuniko ya mzinga, itabaki vipande mbili. Leta ingine."

Sadrack akaleta kisu cha kukunja. Kahongya alikishika, akamtazama usoni.

"Hii nitaifungua na nini?"

Hapo ndipo kijana alipouona mkono wa kushoto, akakirudisha kisu sandukuni. Cha tatu kilikuwa na kijiti cheusi kilichojificha ndani ya mpini. Sadrack akakichomoa, akakishika kwa kushoto, akakwaruza kwa kulia. Cheche zikaruka mpaka wateja wawili waliokuwa wanachagua tochi wakageuka.

"Umeona, mama?"

"Nimeona mikono mbili. Sasa fanya na moja."

Sadrack alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akaweka mkono wa kushoto mgongoni, akakilaza kijiti mezani, akakwaruza. Kijiti kikabingirika, kikaanguka chini. Akakiokota, akajaribu tena, kikabingirika tena. Wale wateja wawili wakaangua kicheko.

"Ndiyo shida yenye imenileta," Kahongya alisema.

Kijana akaona haya kidogo, lakini hakukasirika. Aliegemea rafu, akafikiri. "Beni kuko mama moja, Mariette, anauzisha bintu ya batu benye banaingia pori na benye banalima kakao. Nilisikia iko na visu yenye pierre ya moto, hii kijiti, inafungwa na vis kwa ala. Haitoke. Donc, haiwezi kubingirika."

Jioni Kahongya alimpigia Gamaliel simu kutoka nyumbani kwa binamu yake, akamwambia anaendelea Beni.

"Beni? Yaya, na ile barabara yenye banashambulia batu siku hizi?"

"Batu banapita kila siku. Na mimi nitapita."

Kesho yake aliteremka na gari dogo la abiria, akifunguafungua vifungo vya sweta kadiri joto lilivyozidi. Beni si kama milimani. Pale Beni jua linakushika shingo asubuhi na mapema. Duka la Mariette lilinuka kakao, kwa sababu jirani yake alikuwa ameanika mbegu mbele ya mlango. Mariette mwenyewe, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimkaribisha kwa Kinande, akampa kiti, kisha akamuuliza jambo ambalo Butembo hakuna aliyemuuliza.

"Kisu hii, utafanya nayo kazi gani?"

Kahongya akamweleza yote: mizinga, ukungu, kopo la moshi, gumba lenye asali. Mariette alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka visu viwili sakafuni juu ya gunia, akaleta ndoo ya maji, akasogea kando.

"Jaribu weye mwenyewe."

Vyote viwili vilikuwa na kijiti kilichofungwa kwa skrubu ubavuni mwa ala, ncha yake imetokeza. Cha kwanza kilikuwa kinang'aa hata ungeweza kujitazama ndani yake. Kahongya alipiga magoti, akaikandamiza ala sakafuni kwa goti la kushoto, ncha ya kijiti ikitazama mbele, akavuta mgongo wa kisu juu yake. Ukateleza kama kijiko kwenye sahani. Alirudia mara nyingi, akapata cheche mbili tatu zilizokufa hewani. Akaupapasa mgongo wa kisu kwa kidole: ulikuwa wa mviringo, laini.

Cha pili kilikuwa cheusi, kibaya cha sura. Chuma chake kilipita ndani ya mpini mpaka mwisho, na mgongo ulikuwa na kona kali inayokwaruza ukucha. Kahongya alikibana kama cha kwanza, ila safari hii alisukuma kwa pupa. Ala ikachomoka chini ya goti, na kisu kikapita sentimita chache kutoka kwenye paja.

"Polepole, mama!" Mariette alipiga kelele.

Kahongya alikaa chini. Aliangalia paja, aliangalia kisu. Akachukua ukanda wa ala, akaupitisha chini ya nyayo na kuukanyaga, ndipo akarudisha goti mahali pake. Sasa ala haikuwa na pa kwenda. Akaelekeza makali mbali na mwili, akasukuma taratibu, kwa uzito wa bega zima. Cheche zikamwagika juu ya gunia mpaka Mariette akaruka kuzikanyaga.

Akaitumbukiza ala yote kwenye ndoo, akaitoa inachuruzika, akakung'uta, akasukuma tena. Cheche.

"Ni hii," alisema.

"Nikuambie ukweli, hii chuma inapata kutu," Mariette alisema. "Ile inang'aa hapana. Hii usipoipakaa kitu, itaharibika."

"Nta inafaa?"

"Nta? Inafaa sana."

"Basi. Nta niko nayo mingi. Wasingya, mama," alimshukuru.

Alilipa, na mchana huo huo akapanda gari la kurudi Butembo. Walipoanza kupanda vilima, manyunyu yakaanza, na kwenye kizuizi kimoja askari akawaamuru washuke, kila mtu na mzigo wake. Mfuko wa Kahongya ulipofunguliwa, askari alichomoa kisu kwenye ala, akakigeuzageuza. Watu waliokuwa karibu naye wakasogea pembeni, mmoja mmoja. Katika nchi ile ambako watu wameona mengi, hakuna anayependa kusimama karibu na mwenye kisu cha namna hiyo.

"Mama, mbeli oyo ya nini?" askari aliuliza kwa Kilingala, kisha akahamia Kiswahili. "Kisu hii ni ya nini?"

"Ya nyuki, chef. Ni ya kuwasha moto ya moshi."

"Kisu ya kuwasha moto." Alimtazama kuanzia usoni mpaka kwenye mkono uliolala. "Na mukono moja. Ndani ya mvua."

"Ndiyo, chef."

"Washa, nione."

Kahongya alielekeza kidole kwenye kibanda chao. "Niombe majani makavu, ile inaninginia chini ya paa yenu, na kijiti moja ya kuni."

Askari aliashiria kwa kidevu. Kahongya akachuma majani makavu ya mgomba kwenye ukuta wa kibanda, akayafikicha kifuani mwake yasipate mvua. Akakanyaga kijiti cha kuni, akakiparua kwa kisu mpaka akapata vipande vyembamba kama nywele. Akapiga magoti, akapanga kirundo chake chini ya ukingo wa paa, akakanyaga ukanda, akabana ala. Akasukuma. Cheche zikaanguka, majani yakavuta moshi kidogo, yakazimika. Akasukuma tena, upepo ukapeperusha nusu ya kirundo. Dereva akapiga honi. Abiria mmoja akasema tuiache tu ile kisu, mama, twende.

Kahongya hakuinua kichwa. Alikusanya majani upya, akageuka mgongo wake uzuie upepo, akaikandamiza ncha ya kijiti cheusi katikati kabisa ya kirundo. Akasukuma kwa bega. Cheche zikaingia ndani na kukaa. Akainama, akapuliza kama anavyopuliza kopo lake, kwa pumzi ndefu isiyo na haraka, mpaka ulimi mdogo wa moto ukatoka.

Kisha yule askari akacheka, akawaita wenzake waje waone, akaongeza kuni mbili juu yake kwa mkono wake mwenyewe, kwani baridi ilikuwa inawapata na wao.

"Enda, mama ya nyuki," alisema, akimrudishia kisu kwa upande wa mpini. "Ukifika barrière ingine, useme mbele kama uko nayo. Hapana ngoja baikute."

Walipanda tena garini. Mwanamke aliyekuwa amesogea pembeni sasa alimwekea Kahongya ndizi mbivu mapajani.

Kule Masereka, alingoja siku yenye ukungu mbaya. Gamaliel alimfuata kimyakimya, akasimama chini kwenye njia na ndoo tupu. Kahongya alijaza kopo magome ya mkaratusi na samadi kavu, akapiga magoti kwenye majani yaliyolowa. Ilimchukua muda, vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, na mara mbili alilazimika kusimama na kuvitia kwapani. Moto ulipowaka, alifunga kopo, akavuta moshi wa kwanza mlangoni mwa mzinga, akasikia mvumo wa nyuki ukishuka.

"Sogea na ndoo," alisema.

Gamaliel akaja, amefunika kichwa kwa koti. Alidungwa shingoni mara moja, akatukana, lakini hakukimbia. Kahongya alikata sega la kwanza kwa kisu kile cheusi, likaanguka ndooni zito. Katikati ya kazi moshi ulizimika, akapiga magoti na kuuwasha upya. Gamaliel akabaki amefunika ndoo kwa mikono yake miwili, anamngoja.

Adhuhuri walikuwa wamejaza ndoo zote, wamefika kwenye mzinga wa mwisho, ule wa bondeni. Ulikuwa mtupu. Nyuki walikuwa wamehama, wameacha masega meusi na nondo wanaokula nta.

"Huu tuuache?" Gamaliel aliuliza.

"Hapana." Kahongya alikwangua uchafu wote kwa kisu, akapaka nta mpya ndani kwa kidole, akauelekeza mlango upande wa jua. "Bengine batakuja. Shika hapo, unisaidie kufunga."