Malkia wa Machozi

Msomaji alikuwa analia. Alisimama mbele ya meza katika duka la vitabu, riwaya mpya ameikumbatia kifuani, kamasi zikimtoka, akisema sura ya mwisho imemmaliza kabisa. Mwandishi alimpa tabasamu lake la kazini, akatia sahihi, akaongeza "kwa rafiki yangu mpendwa", kisha akajifuta vidole chini ya meza.

Watu walimwita Malkia wa Machozi. Yeye aliwaita wasomaji wake ndoo: mimina chochote, mradi kiwe na chumvi. Miaka nenda miaka rudi aliwaandalia sahani ileile, mume mhuni, mke mvumilivu, mama mkwe mwenye ulimi wa wembe na upatanisho wodini, nao wakailamba hadi vidole. Mchapishaji wake, bwana wa tai pana ambaye hakumaliza kusoma hata kitabu kimoja kati ya alivyouza, alimsifu kwa kuijua mioyo ya watu. Mumewe alisinzia kila aliposomewa ukurasa, lakini kazini aliringa kwa jina la mkewe. Wote aliwaona bure.

Jambo ambalo hakulisema kwenye mahojiano ni kwamba yule mke mvumilivu alikuwa mdogo wake wa toka nitoke. Kila shemeji alipofanya visa, simu ililia, naye alisikiliza huku mkono ukiandika. Katika wote aliowadharau, mdogo wake huyo alikuwa wa kwanza. Mfamasia mzima, mwenye duka lake la dawa, kumlilia mwanamume anayerudi nyumbani akinukia marashi ya wengine!

Aliposikia kwamba shemeji amehama, alikwenda siku hiyohiyo. Njiani aya ya kwanza ilikuwa imeshakamilika kichwani.

Alimkuta mdogo wake chumbani, kanga kiunoni, akivuta godoro. Kabati la mume lilikuwa wazi, tupu. Mwandishi alitoa pole zake, zikapokelewa kama chenji. Mdogo mtu alilalamikia vumbi la chini ya kitanda, akasema angependa kulala karibu na dirisha. Mwandishi alingoja. Mwishowe akamuuliza alijisikiaje mume alipomwacha.

"Nani kakwambia ameniacha? Nimemtoa."

"Hukulia?"

"Ulitaka nilie?"

Mdogo mtu alimtazama dada yake. Hakukuwa na hasira machoni mwake. Mwandishi aliutambua mtazamo ule, kwa kuwa ulikuwa wake mwenyewe; ndivyo alivyowatazama watu siku zote, ila hakuwahi kukaa upande wa pili.

"Vitabu vyako nimevisoma vyote, dada. Mle ndani kila mara narudi kwake. Nikawa najiambia, dada ananijua kuliko ninavyojijua. Basi nami nikarudi, na nikarudi tena." Alikung'uta mto. "Safari hii sikukusubiri."

Mwandishi alifungua kinywa. Yeye aliyewapa wajane na wasaliti maneno ya kusema hata katika pumzi ya mwisho, hakupata lake moja. Yaliyomjia yote aliyajua: alikwisha kuyauza.

"Shika kitanda upande huo," mdogo wake alisema. "Usikiburure, kitakwaruza sakafu."

Akaweka mkoba chini, akainama. Kitanda kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Walikibeba taratibu, hatua kwa hatua, yeye akienda kinyumenyume, bila kuona anakokwenda, akimsikiliza mdogo wake akimwelekeza.