Ngamia wa Inspekta Maghanga

Watu walipotoka msikitini kuswali Magharibi, Madino aliteremsha dumu la maziwa ya ngamia kwenye mlango wa jikoni wa hoteli ya Rage, akachukua dumu tupu la jana, akalinusa. Halikuoshwa. Alimwambia Rage, na Rage akaapa kwamba kesho litaoshwa, kama alivyoapa jana. Basi Madino akajitanda garbasaar yake, mtandio wake mpana, vizuri, akaegemea mwimo wa mlango, akangoja kipindi cha Inspekta Maghanga pamoja na mji mzima wa Garissa, au tuseme wale wa mji waliopata pa kukaa.

Miaka hiyo ya tisini, Somalia ilipokuwa imevunjika na watu wakimiminika kupitia Liboi, mpakani, televisheni iliyoshika vizuri Garissa ilikuwa moja tu, ya Rage, kwa sababu ya mlingoti wake mrefu wa antena. Na kipindi kilichotazamwa kilikuwa kimoja. Inspekta Maghanga alianza kukamata wezi na wauaji tangu picha zikiwa nyeusi na nyeupe. Wengine alikuwa amewakamata mara mbili mbili, maana waigizaji hawakuwa wengi.

Kwingineko nchini, kipindi kikimalizika, muziki ulilia na taarifa ya habari ikaingia. Garissa haikuwa hivyo. Garissa, Inspekta alibaki kwenye kioo. Alivua kofia, akavuta kiti, akakaa kuwaelekea watu, huku msomaji wa habari akionekana nyuma yake akingoja zamu na kupangapanga karatasi. Hapo ndipo wazee wa mstari wa mbele walipomhukumu.

Usidhani ulikuwa mchezo. Mkubwa wa wazee hao, Mzee Ahmednoor, alikuwa ameamua kesi za visima na za damu kutoka Hadado mpaka Buna, na kipindi cha televisheni hakikumbabaisha. Aliamua kwa sheria ya mababu: mtu akiuawa, ukoo wa muuaji hulipa ngamia mia, mambo yakaisha. Jela hakuielewa kabisa. "Ukifunga mtu, nani anakunywa maziwa?" alimwuliza Inspekta, wiki ile mpwa wa tajiri alipofungwa maisha kipindini. Inspekta alikuna kichwa, akasema amesikia, na wiki iliyofuata yule mpwa akaonekana yuko nje, anauza mitumba. Siku nyingine wazee walimkemea kwa kuingia nyumbani kwa bibi kizee na viatu. Tangu siku hiyo Kenya nzima ilimwona Inspekta akivua viatu kila mlangoni, hata akiwa anamfukuza jambazi, na magazeti ya Nairobi yakashindwa kueleza kwa nini.

Kwa hiyo Madino alikuwa na sababu ya kumtumaini.

Mumewe, Kulow, alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Alikwenda Liboi kwa lori. Lori lilirudi, dereva akarudi, taniboi akarudi. Kulow hakurudi. Dereva alisema walisimamishwa kwenye kizuizi, wakaambiwa watoe vipande, yaani vitambulisho, na Kulow akaambiwa akae kando asubiri. Zaidi ya hapo dereva hakuona, au aliona akameza. Madino alikwenda kwa wakubwa, akaambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Alikwenda Liboi yenyewe na mtoto mgongoni, akatukanwa kizuizini, akarudi na vumbi. Mwisho alikwenda kwa Mzee Ahmednoor, na mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Adeer, bila maiti hakuna kesi. Leta maiti, nitakaa." Alimwita adeer kama mzee anavyomwita mtoto wa ndugu yake, kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Madino kuliko matusi ya kizuizini. Maiti ataitoa wapi, jamani? Hakuwa mke, hakuwa mjane. Hakuwa amekaa eda wala hakuwa amelia kilio chake. Alitaka mambo mawili tu duniani: amshike mumewe amzike, na aliyemuua aone haya mbele ya watu.

Jioni hiyo kipindi kilianza kama kawaida yake, kwa maiti. Ilikuwa imelala kwenye laga, mto mkavu wa mchanga, chini ya mgunga, imefunikwa turubai. Inspekta alichuchumaa, akainua turubai, na maiti ilikuwa Kulow.

"Huyo si Kulow?" Rage akauliza, birika mkononi.

"Ndiye," akasema mzee mmoja. "Amekonda."

Watu wakasema innaa lillahi, wakavuta viti karibu. Wengi walimfahamu, zamani alikuwa akikaa pale dirishani na kulalamika kwamba chai haina tangawizi. Madino alitazama kidole gumba cha mguu wa kushoto, kile kilichokanyagwa na ngamia, kucha ikaota kombo. Kilikuwa chenyewe. Alitazama kikoi, na pindo alilolishona yeye kwa mkono. Hakupiga ukemi. Alijisikia amefika mahali alipokuwa akienda kwa muda mrefu, na mahali penyewe ni pabaya.

Kipindi kiliendelea. Inspekta alimhoji mwanamke aliyekuwa akichunga mbuzi, naye akasema aliona Landrova. Inspekta akaenda kizuizini. Akavua viatu, akaingia kibandani, na askari wa humo wakamwambia hapo hajapita mtu. Akavaa viatu, akatoka. Kisha akasimama barabarani, upepo ukimpeperusha koti, akasimama, akasimama, mpaka muziki ukalia. Hakukamata mtu. Miaka yote hiyo jambo hilo halikuwahi kutokea.

Inspekta akavua kofia, akavuta kiti. Nyuma yake Kulow alikuwa bado amelala, na msomaji wa habari alilazimika kukunja miguu ili asimkanyage.

"Insbekta," Mzee Ahmednoor akaanza. Kiswahili chake kilikuwa cha soko la mbuzi, lakini kilimtosha. "Kibindi ya leo ni mbaya. Haina mwisho. Mtu amekufa. Nani ameua?"

"Mzee, unamjua."

"Mimi najua. Nataka wewe iseme."

Inspekta alitazama juu ya vichwa vya watu mpaka kwenye meza ya karibu na mlango. Hapo alikaa mkuu wa kizuizi cha barabara ya Liboi, ambaye kila mtu alimwita Afande, na ambaye hakukosa hata wiki moja, kwa sababu kambini kwao televisheni haikushika. Alikuwa mtu mtulivu, mwenye kulipa chai yake.

"Ni yule," Inspekta akasema. "Kipande cha marehemu kilikuwa kimelowa jasho, herufi zimefutika. Yule akasema huyu si Mkenya. Marehemu akasema ni Mkenya. Yule akampiga risasi."

Watu wote wakageuka. Madino naye aligeuka, akamkazia macho Afande, akiitafuta ile haya usoni mwake. Afande alikoroga chai, akaonja, akaongeza sukari.

"Ni kweli," akasema. "Kilikuwa hakisomeki kabisa."

Basi kesi ikawa nyepesi: maiti ipo, muuaji amekiri. Mzee Ahmednoor akauliza lililobaki. "Afande, ukoo yako ni gani?"

"Mimi nikiwa kazini sina ukoo, mzee. Mimi ni serikali."

"Na serikali, ukoo yake?"

"Serikali haina ukoo."

Hilo lilikuwa zito. Ngamia hulipwa na ukoo; pasipo na ukoo, utamwendea nani? Wazee waliinuka, wakatoka uani kushauriana, na Rage akawapelekea birika huko huko.

Madino akapita katikati ya wanaume, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama mbele ya kioo.

"Nipe mume wangu," akasema.

"Siwezi, mama. Huyu ni ushahidi. Faili haijafungwa."

"Ifunge."

"Haifungwi mpaka mtu akamatwe."

"Si huyo hapo? Mkamate! Wallahi anakunywa chai hapo, mkamate!"

Inspekta akanyoosha mkono, akagonga kioo kwa ndani, polepole, ili aone mwenyewe. "Mama," akasema, "mimi niko huku."

Hapo ndipo Madino alipolia. Alilia kwa sauti, kilio chote alichokuwa amekibana tangu lori liliporudi, na hakuna aliyemnyamazisha. Hata msomaji wa habari aliinamisha kichwa.

Wazee waliporudi, hukumu ilikuwa hii. Kulow ameuawa bila haki. Muuaji hana ukoo. Lakini Inspekta ni polisi, na polisi na serikali wananyonya ziwa moja. Kwa hiyo atakayelipa ni Inspekta. Inspekta hakubishana. Alisema ni haki, akavaa kofia, na taarifa ya habari ikaingia ikiwa imechelewa.

Nyumbani kwa Madino, binti yake Kaaha alimwuliza kama ni kweli baba amerudi. Madino akamwambia amerudi, yuko kwa Rage.

Na Inspekta alilipa. Wiki iliyofuata ngamia mia waliingia kipindini nyuma yake, wakapita katikati ya barabara za Nairobi, wakala maua ya bustani, na mshukiwa wa wiki hiyo akatoroka kwa sababu gari la polisi lilikosa pa kupita. Walikuwa ngamia wazuri. Wazee waliwakagua meno kupitia kwenye kioo, wakamkataa mmoja aliyechechemea, na Inspekta akambadilisha. Kisha Mzee Ahmednoor akamgeukia Madino.

"Adeer, umelipwa. Kesi imekwisha."

"Adeer," Madino naye akamwita kwa neno hilo hilo, "si wamo ndani ya kioo?"

"Nawaona. Ni wako. Hakuna anayekataa."

"Nitawakamuaje?"

Mzee aliwatazama tena wale ngamia. Alikuwa mtu mwaminifu, na swali hilo lilimuuma. "Lakini umelipwa," akasema tena, kwa sauti ndogo.

Madino alijaribu. Kesho yake alileta kibuyu, akakikinga chini ya televisheni, akamwita ngamia jike mmoja kwa wimbo ule wa kukamulia. Ngamia alimsikia. Alikuja mpaka kwenye kioo, akaweka pua, kioo kikafanya ukungu. Maziwa yakamdondoka chini, upande ule wa ndani. Madino alikaa na kibuyu mapajani mpaka Rage alipokuja kufagia.

Kwa kuwa kesi ilikuwa imekwisha, faili ilifungwa hata bila mtu kukamatwa, na Inspekta akaruhusiwa kuzika. Wazee walimwonyesha kibla iliko. Alichimba mwenyewe, kwenye pembe ya chini ya kioo, upande wa kulia, amevua koti. Wanaume wa hoteli walipanga safu nyuma ya Mzee Ahmednoor, wakamswalia Kulow. Afande alisimama muda wote wa swala, kofia mkononi, kwa heshima. Walipomaliza, Madino alisogea akaweka kiganja juu ya kioo, pale mchanga ulipokuwa ukirudishiwa. Kioo kilikuwa cha moto na umeme wake ulimrusha kidogo. Hicho ndicho alichopata kushika.

Kaburi lilibaki. Kije kipindi gani, mpira, hotuba, mafunzo ya kilimo kwa watu wa bara wenye mvua, kaburi la Kulow lilikuwa pale pembeni, na ngamia wake wakipita kwa nyuma, wakizaa, maziwa yakipotea ardhini. Rage alilalamika kwamba linaziba matokeo ya mpira, kisha akazoea. Nairobi hawakuona kitu. Madino naye hakuwa tena na mlango wa kubisha. Kila alikokwenda aliulizwa: mama, wewe si ndiye uliyelipwa ngamia mia? Unataka nini tena? Na kizuizini, barabara ya Liboi, watu waliendelea kuteremshwa kwenye malori na kuambiwa wakae kando wasubiri.

Alikuja kila jioni kabla wanaume hawajajaa, akachuchumaa mbele ya pembe ile, akamsomea Kulow Yasin. Jioni moja alichelewa kumaliza. Inspekta alikuwa ameshatokea na maiti mpya, mwanamume aliyelala kifudifudi kando ya barabara, na watu walikuwa wameanza kuulizana ni wa nani. Afande alikuwa amehamia mstari wa mbele pamoja na wazee, maana siku hizo macho yalikuwa yakimsumbua, na wazee walikuwa wamempisha kiti.

"Mama," akasema, kwa upole, kwani hakuwa mtu wa makelele, "sogea kidogo. Unatuziba."

Madino akasogea.