Muuaji Aliyeshika Dekio

Mama Funguo alikubali kuigiza kabla hajauliza anaigiza nini. Aliyemwomba alikuwa binti wa marehemu dada yake, mwanafunzi wa filamu mwaka wa mwisho, na mtoto wa dada ni wako, humhoji kama polisi. Aliambiwa tu: "Mama mdogo, utajiigiza mwenyewe. Unadeki, basi." Kudeki kwenyewe alikuwa amedeki miaka kumi na saba katika chuo hicho hicho. Funguo za vyumba thelathini na kimoja zilining'inia kiunoni mwake, na hakuna mhadhiri aliyewahi kulalamika kwamba kalamu yake imeota miguu.

Jumamosi asubuhi akawakuta maabarani, watatu. Huyo binti, ambaye wenzake walimwita Muongozaji. Mpiga picha, kijana asiye na maneno mengi. Na mmoja aliyeitwa Mheshimiwa, kwa kuwa baba yake ana viwanda na yeye mwenyewe havui koti hata jua likiwaka. Huyo ndiye aliyeigiza mpelelezi katika filamu. Sakafuni walikuwa wamemwaga damu ya rangi na sukari.

"Mama mdogo, unaingia, unadeki damu, halafu unaitazama kamera kwa ubaya."

"Ubaya wa nini?"

Muongozaji akajikuna shingo. "Si... wewe ndiye uliyemuua mhadhiri."

Mama Funguo akaegemeza dekio ukutani, akanyoosha mkono. "Lete maandishi. Yote, si huo ukurasa wangu mmoja."

Akavaa miwani, akasoma amesimama. Mlinzi analala getini. Fundi bomba anaiba kompyuta. Mwenye duka anaongea kwa lafudhi ya kuchekesha na kuuza sumu bila kuuliza. Mfagiaji anachinja mtu. Wanafunzi waliovaa vizuri wanagundua yote kabla ya chakula cha mchana.

"Humu ndani," akasema, "mtu wa mshahara mdogo aliyebaki msafi ni yupi?"

Mpiga picha akacheka, kisha akajitia anakohoa.

"Mama mdogo, hii ni filamu ya kusisimua, lazima watu washukiwe. Halafu mwalimu alitaka tuonyeshe matabaka yote."

"Umeyaonyesha. La chini umeligawia visu."

"Watazamaji wamezoea hivyo. Wanaelewa haraka."

"Ndiyo ubaya wenyewe. Jumatatu mnaionyesha ukumbini. Jumanne mimi naifungua ofisi ya mkuu wa chuo. Akiniona nimeinama kwenye meza yake atakumbuka nini?"

Binti akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Kazi ilitakiwa Jumatatu hiyo hiyo, na bila filamu hamalizi chuo. Mama Funguo alilijua hilo vizuri, ndiye aliyemlea.

"Sikatai kuigiza," akasema. "Nakataa kuua. Tena kuua kijinga! Umeandika naanza kudeki mlangoni naelekea dirishani, halafu mnanikamata kwa nyayo nilizoacha kwenye sakafu iliyolowa. Mwanangu, anayekula kwa dekio huanza mbali, anarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Mimi niache nyayo? Mimi? Aliyedeki hivi hajawahi kudeki maisha yake yote."

Muongozaji akainua kichwa, macho yakamhama mama mdogo wake na kutua taratibu kwa Mheshimiwa. Mpiga picha naye akageuka.

"Nini? Msinitazame hivyo, mimi ni mpelelezi!"

"Ulikuwa," akasema Muongozaji.

"Baba ataiona hii filamu!"

"Na wanangu wataiona," akasema Mama Funguo. "Sasa tofauti iko wapi, baba?"

Mheshimiwa akajiweka koti sawa. Kisha kiburi kikamwokoa, au tuseme kikamzamisha. "Kwanza kudeki ni kitu gani? Hata mimi nadeki vizuri tu. Hakuna atakayeamini huo ushahidi wenu."

"Karibu," akasema Mama Funguo, akamkabidhi dekio.

Muongozaji akamkonyeza mpiga picha. Kamera ikawaka.

Mheshimiwa akaanza palepale aliposimama, mlangoni. Akasukuma povu kwa nguvu kama anayefukuza mbuzi, akasonga mbele, jasho likimtoka, hakuangalia nyuma hata mara moja. Alipogota dirishani akageuka kwa ushindi. Kati yake na mlango sakafu yote ilikuwa inang'aa maji. Akatazama viatu vyake. Akatazama mlango.

"Sasa... natokaje?"

Mama Funguo alicheka mpaka akashika meza. Walipomwonyesha picha, Mheshimiwa aliinamia kile kioo kidogo cha kamera muda mrefu. Uso ule wa mtu aliyenaswa konani ulikuwa wa kweli kuliko yote aliyoyaigiza wiki nzima.

"Kumbe natisha hivi?" akanong'ona. "Hebu turudie. Baba nitazungumza naye mwenyewe."

Muongozaji alikuwa ameshachukua kalamu. "Na mlinzi, mama mdogo?"

"Mlinzi yuko macho, ndiye aliyemwona huyu akiingia. Fundi bomba ameziba bomba, amekwenda kwake. Mwenye duka aongee kama watu." Akamsogezea kiti. "Kaa uandike. Mimi nakwenda kumwita mlinzi wa getini aje ajiigize, kabla zamu yake haijaisha. Nikirudi nikute na mimi nina maneno ya kusema, si kuinama tu. Kurasa tatu, usinipunje."