Kidole Getini

Saa kumi na mbili na robo asubuhi wanawake zaidi ya mia walikuwa wamekwisha kusimama mbele ya geti la kiwanda cha biskuti, Temeke. Kokuberwa alikuwa safu ya pili, upande wa kushoto. Mahali hapo alipachagua zamani, kwa sababu jua likichomoza huwapiga machoni walio kulia nao hukunja uso. Aliyekunja uso hachaguliwi. Anayecheka sana hachaguliwi pia, maana huonekana mtu wa maneno. Unasimama wima, kidevu juu, kilemba umekikaza, mikono umeiweka mbele ionekane safi, na unamtazama Zahor kama mtu asiye na shida yoyote duniani. Hiyo ndiyo elimu ya getini. Kokuberwa, aliyeishia darasa la saba kule Muleba, alikuwa ameihitimu vizuri.

Zahor, msimamizi wa vibarua, alitoka na kikombe chake cha chai. Hakuwa mtu mbaya. Ofisi ilimwambia leo sitini, naye aliwatoa sitini, kwa kidole.

"Wewe. Wewe. Wewe wa kitenge cha kijani. Si wewe, wa nyuma yako."

Kila kidole kiliposogea, moyo wa Kokuberwa ulianza mbio. Mate yalikauka, viganja vikalowa. Miaka minane sasa. Mwanzoni alidhani atazoea, kwani binadamu huzoea hata jela. Akili ilizoea, mwili ulikataa katakata. Uliogopa kila asubuhi kama siku ya kwanza, hata Jumapili kiwanda kikiwa kimefungwa. Kuna Jumapili moja kanisani mzee wa kupanga watu kwenye mabenchi alimnyooshea kidole, "Mama, wewe, njoo hapa," naye akatoka mbio akamkanyaga mtoto wa watu. Waumini walicheka. Yeye aliketi akitetemeka mpaka baraka ya mwisho.

Leo palikuwa na jambo la ziada. Ubavu wa kulia ulimwaka, kuanzia mgongoni hadi chini ya titi, na ulikuwa hivyo kwa siku tatu. Blauzi ikigusa tu, machozi yanamtoka. Lakini hakukunja uso.

"Wewe," alisema Zahor, na kidole kikamwangukia.

Akaingia.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo alijigeuza ukutani avae ovaroli, lakini chumba kilikuwa kidogo na macho mengi. Zubeida alikuwa kando yake. Huyu ndiye aliyekuwa akitembea naye kila alfajiri kutoka Yombo, wakigawana kipande cha muhogo njiani. Aliona malengelenge yaliyopangana ubavuni, akashusha pumzi.

"Shoga," alisema taratibu, "huo mkanda wa jeshi."

Hakusema kwa sauti, ila neno lile halihitaji sauti. Marietha, aliyekuwa ametundika gauni lake msumari mmoja na la Kokuberwa, alilitoa akalipeleka msumari wa mbali. Kila aliyekuwa mle alijua mkanda wa jeshi ni dalili ya nini. Wote walikuwa wamezika mtu aliyeanza hivyo.

Mchana, wale watatu waliozoea kula naye sinia moja la ubwabwa na maharage walisema wameshiba. Hakuna aliyemtusi. Walikuwa wameshiba tu, ghafla, wote.

Jioni Zahor alimwita pembeni. "Mama Edgar, hiki kiwanda cha chakula. Kesho usije bila cheti cha daktari."

Daktari wa zahanati alikuwa kijana aitwaye Suleiman, mwenye macho ya mtu aliyekesha. Alimpima damu mara mbili. Kokuberwa alikaa kwenye kiti cha plastiki akimwomba Mungu kwa Kihaya, kwa sababu baba yake Edgar alikwenda Tunduma na malori na hakuwahi kurudi kueleza aliishije huko.

"Huna," alisema daktari.

"Sina?"

"Huna virusi, mama."

Alilia kwa furaha mpaka kamasi. Daktari akamwachia muda, kisha akaanza kumuuliza mambo. Tetekuwanga aliwahi kuugua? Ndiyo, utotoni. Anapata usingizi? Kidogo sana. Nywele? Zinabaki kwenye kitana. Hedhi? Hapo Kokuberwa akainama. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na mwezi wa tano ulikuwa unakatika hajaiona. Mimba haikuwa. Mtu hapati mimba kwa hewa.

"Kile kirusi cha tetekuwanga hakikutoka mwilini," Suleiman alisema. "Kilijificha kwenye mishipa ya fahamu, kinga yako ikawa inakibana. Sasa kinga imechoka, kimeamka. Wengine huchoshwa na ukimwi, wengine na uzee, wengine na sukari. Wewe umechoshwa na nini?"

Alimweleza kuhusu geti. Hakuwahi kumweleza mtu, maana ni nani angetaka kusikia? Kila aliyemjua alikuwa anasimama palepale. Alieleza safu ya pili, jua, kidole, na yule mzee wa kanisani. Daktari aliacha kuandika.

"Mtu akiogopa," alisema, "ubongo hupiga kengele. Kuna tezi mbili ndogo zimekalia figo. Zinamwaga homoni, moyo unakwenda mbio, ili ukimbie au upigane. Hatari ikipita, mwili unatulia. Sasa wewe kengele inalia kila siku, miaka minane, na hukimbii wala hupigani."

"Tunasimama wima," alisema Kokuberwa.

"Mnasimama wima. Homoni zile zikikaa sana mwilini zinaharibu. Usingizi unakimbia, hedhi inakatika, kinga inashuka."

"Dawa yake?"

"Ya mkanda, vidonge hivi, siku saba. Ya hayo mengine..." Daktari alitazama dirishani. "Upumzike. Upunguze mawazo."

Kokuberwa alicheka, na ubavu ukamuuma kwa kucheka.

Ndipo akaomba cheti. Suleiman alimwambia majibu ya damu ni siri yake, mwajiri hana haki ya kuyauliza.

"Haki hiyo, daktari, ni yako na koti lako. Mie wananihamishia nguo. Andika kwamba sina. Na uandike kilichouleta, kama ulivyonieleza. Nikiwaambia sina, watauliza basi mkanda umeutoa wapi."

"Msongo hauna kipimo, mama. Siwezi kuapa."

"Si umeniambia sasa hivi?"

Alisita, akaandika. Virusi vya ukimwi: hana. Mkanda wa jeshi, yaelekea umechangiwa na msongo wa muda mrefu utokanao na hali ya kazi. Apumzike siku saba. Akagonga muhuri, na Kokuberwa akakikunja cheti kwenye mfuko wa nailoni kama mtu aliyepewa hati ya kiwanja.

Kesho yake hakupumzika. Alfajiri alimpa Zubeida akisome kwa sauti getini, kabla Zahor hajatoka. Zubeida alisoma hadi mwisho, akamkumbatia rafiki yake upande usiouma. "Nisamehe, shoga. Mie na mdomo wangu."

Wanawake wakasogea. "Rudia hapo pa msongo," alisema mmoja. "Hata mie moyo hunienda mbio hivyohivyo." "Mie nilidhani nimelogwa." Marietha alivua kilemba chake, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akifanya, akawaonyesha utosi usio na nywele. Kwa dakika chache hakuna aliyekuwa amesimama wima. Halafu geti likalia, wakarudi kwenye safu.

Zahor alisoma mstari wa kwanza tu. "Vizuri. Peleka ofisini."

Ofisa utumishi aliitwa Adelard. Nyuma ya kiti chake palikuwa na bango lenye picha ya watu wanaotabasamu: KIWANDA CHETU HAKIBAGUI WANAOISHI NA VIRUSI VYA UKIMWI. Alimkaribisha kiti, akasoma cheti mara mbili.

"Mama Edgar, nani alimwambia daktari aandike hivi?"

"Nilimwomba mimi, bosi."

"Hali ya kazi." Aliyatamka maneno yale polepole. "Na nasikia umewasomea wenzako getini."

"Sikuwa na nia mbaya, bosi. Nilitaka tu wajue sina."

Adelard alivua miwani. Huruma aliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomtisha Kokuberwa. "Tatizo ndilo hilo, mama. Ungekuwa nao ningekusaidia. Upande huo tuna mwongozo, na wanunuzi wetu wa nje wanauulizia kila wakija. Wenye virusi tumewapa mikataba. Wana siku za kliniki, wanakaa kwenye viti wakibandika lebo. Getini hawasimami. Lakini hili la msongo halina mwongozo."

"Si nitapona, bosi? Siku saba tu."

"Umeandika kazi yetu imekuumiza. Wewe si mfanyakazi wetu. Wewe ni kibarua wa siku, kazi yako inaanza asubuhi na kwisha jioni. Mtu asiye na kazi hapa, kazi ya hapa imemuumizaje?"

Kokuberwa alitazama wale watu wa bangoni. Walikuwa wamenona.

"Kwa hiyo kesho nije?"

"Kusimama getini hatumkatazi mtu," alisema Adelard, akakifungia cheti kwenye droo.

Alisimama siku tisa. Kidole cha Zahor kilikuja safu ya pili, kikamchagua Zubeida, kikamruka yeye, kikaendelea. Zahor alikuwa akitazama chai yake. Siku ya nne Zubeida alianza kutoka Yombo mapema bila kumpitia, na siku ya sita alihamia safu ya kwanza. Marietha alikuwa amekaza kilemba hadi kwenye nyusi. Wale waliosema moyo huwaenda mbio hawakuusema tena moyo. Kokuberwa hakuwalaumu, ila iliuma kuliko ubavu. Kibarua kilikuwa kimeota nyasi, na bibi yake Edgar huko Muleba alikuwa anapiga simu kuuliza mtoto atarudije shule.

Malengelenge yalikauka. Maumivu yalibaki, na moyo haukungoja tena asubuhi. Ulikwenda mbio mchana kutwa, akiwa amekaa tu kitandani.

Siku ya kumi alirudi zahanati. Suleiman alimfunga mkono kipimo cha presha, akatazama namba, akatikisa kichwa.

"Mama, unapumzika kweli?"

"Napumzika sana. Sina kazi." Kisha akasema, "Nimekuja kuomba cheti kingine."

"Cha nini?"

"Niandikie ninao."

Daktari hakuelewa. Alipoelewa, alisukuma kiti nyuma. "Huna, mama. Nimekupima mara mbili."

"Najua sina. Wenye nao hawasimami getini. Wana viti."

"Siwezi kuandika uongo."

"Ule ukweli ulioniandikia, daktari, umenifanyia nini?"

Suleiman aliiweka kalamu mezani. Nje kwenye benchi mgonjwa aliyefuata alikuwa anakohoa. Kalamu ilikuwa katikati yao, juu ya kitabu cha vyeti, na daktari hakuichukua wala hakuiondoa.

Kokuberwa hakulia. Alikikaza kilemba, akainua kidevu, akaweka mikono juu ya meza ionekane safi. Akamtazama daktari kama mtu asiye na shida yoyote duniani, akangoja. Moyo ulikuwa umekwisha kuanza mbio.