Jiwe la Marehemu Tunu

Jiwe lilishushwa kwenye baraza ya Tatu binti Mabruki saa nne asubuhi, limeviringishwa blanketi, na waliolibeba wakihema. Tatu alikuwa kwenye cherehani akimalizia sketi za shule. Alidhani ni meza. Alipofunua blanketi upande mmoja na kusoma maandishi, mguu wake uliganda kwenye pedali.

MAREHEMU TUNU SADIKI. PUMZIKA KWA AMANI MAMA.

"Astaghfirullah! Nani kawatuma kitu hiki?"

"Mfadhili, mama!" Amon alikuwa anatabasamu meno yote nje. Huyu Amon ndiye afisa wa shirika la Kivuli cha Mtoto, yeye na shati lake la pasi kali na kitambulisho kikining'inia shingoni. "Yule mama wa Ulaya anayemsomesha Shamila. Amesikia kaburi la mama wa mtoto halina hata alama, akaumia sana. Katuma pesa za jiwe. Kesho asubuhi tunalisimika, mpiga picha keshafika kutoka Dar, mtoto aseme maneno mawili matatu, basi. Wewe utatuonyesha kaburi."

Tatu alilifunika jiwe upesi upesi. Alikuwa na sababu. Huyo marehemu Tunu alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, hatua sita kutoka pale, akinywa uji kwa mkono wa kushoto.

Naam, hai. Anakula, anasikia, anakohoa. Na kabla hujamwita Tatu mwongo, ngoja kwanza usikie ilikuwaje, halafu uamue mwenyewe wa kumtukana ni nani.

Miaka miwili nyuma Tunu alikuwa muuza karanga, mjane wa dereva aliyekufa lori la tumbaku lilipopinduka njia ya Urambo. Siku moja alianguka sokoni na sinia lake kichwani. Kiharusi. Upande mzima wa kulia ukafa, na mdomo ukaenda pembeni. Shamila, mwanawe wa pekee, alikuwa na miaka sita. Mtoto wa miaka sita akaacha shule ili amgeuze mama yake kitandani. Tatu hakuvumilia, akawahamishia wote wawili kwake. Wanawake wa mtaa wao wa Ng'ambo wakapeana zamu za bakuli, leo huyu ugali, kesho yule michembe ya viazi vitamu, lakini bakuli la jirani nalo lina mwisho wake, maana jirani mwenyewe ana watoto.

Tatu ndiye aliyekuwa mjitolea wa shirika pale mtaani, anayeandikisha watoto wenye shida. Akamwandikisha Shamila. Amon akaisoma fomu, akatikisa kichwa.

"Baba amefariki, sawa. Mama yupo?"

"Yupo, lakini hawezi hata kujigeuza."

"Ila yupo. Basi hakidhi vigezo. Tunachukua waliofiwa na wazazi wote wawili."

"Kwa hiyo mama yake angekufa, mtoto angekula?"

Amon aliitazama kalamu yake. "Mama, vigezo sikuandika mimi."

Tatu alirudi nyumbani anatoa moshi. Alimsimulia Tunu yote huku akiwalaani walioandika vigezo, na mama zao, na viti walivyokalia wakiandika. Tunu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa ule mdomo wake wa upande, "Basi niandike nimekufa."

"Koma! Unajitabiria?"

"Nikiwa hai namfaa nini, da Tatu? Niandike. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Akamwandika. Na hakuna aliyeuliza cheti, kwa sababu Tatu ndiye mwosha maiti wa mtaa. Miaka ishirini amewaosha wanawake wa Ng'ambo, na Tatu akisema fulani kafariki, watu hutandika majamvi. Mjumbe akapiga muhuri. Mtaa ulijua, mtaa ukanyamaza. Shamila akafundishwa kusema kwamba yule aliyelala nyuma ya pazia ni mama mkubwa, katoka Kigwa kuja kutibiwa. Akapata sare, viatu, madaftari, ada, kadi ya bima, na unga na maharage kila mwezi, ambavyo marehemu naye alikula. Kufika mwaka wa pili mtoto alikuwa akimwita Tunu "Mamkubwa" hata pale wanapokuwa peke yao, mlango umefungwa. Tatu alilisikia hilo kila siku, na kila siku alikanyaga pedali kwa nguvu zaidi.

Sasa wamemletea na jiwe.

Kesho yake wakaenda makaburini na lile jiwe garini: Amon, mpiga picha na mitambo yake, fundi Ngollo na ndoo ya saruji, Shamila katika sare, na Tatu. Angewaonyesha kaburi la nani? Kumpa maiti wa watu jina lisilo lake ni kumdhulumu mtu asiyeweza kujitetea, na Tatu alikuwa amewaosha wengi mno pale hata asiweze kufanya hivyo. Akawapeleka kwenye kaburi la mama yake mzazi, Bi Najiat. Lilikuwa na mawe mawili tu, moja kichwani na moja miguuni, kama alivyousia mwenyewe.

"Ni hapa," alisema, akageuza uso.

Ngollo akaling'oa jiwe la kichwani na kulitupa kando. Tatu alilitazama likibiringika. Mpiga picha yeye alikuwa anamkagua Shamila juu mpaka chini.

"Viatu vinang'aa mno. Avue."

"Viatu hivyo mmenunua nyinyi," alisema Tatu.

"Najua, mama. Lakini kwenye picha haipendezi."

Haipendezi! Shamila alikuwa ameshavua. Mtoto yule alikuwa mtiifu mpaka inakera. Akasimama pekupeku mbele ya kaburi la bibi asiyemjua, mikono nyuma, akayatoa maneno aliyofundishwa kwenye gari, yote kwa pumzi moja: "Mama ni mimi Shamila naendelea vizuri nasoma kwa bidii mfadhili wangu ananipenda lala salama mama."

Bodaboda ikapita barabarani, inapiga kelele.

"Tunarudia," alisema mpiga picha. "Sauti imeharibika. Halafu Shamila, safari hii ulie kidogo, eh? Mkumbuke mama."

Shamila alifikiri kidogo. Akainamisha kichwa. Na machozi yakaja, jamani, yakaja kweli, yakashuka mpaka kwenye kola. Asubuhi ile ile alikuwa amemnywesha mama yake uji na kumfuta kidevu, na sasa anamlilia kaburini kwa sababu mtu kutoka Dar amesema alie kidogo.

"Vizuri sana," alinong'ona mpiga picha. "Hapo hapo."

"Zima!" Tatu hata hakujua sauti ile imetoka wapi. "Zima hiyo mashine kabla sijaivunja! Mtoto wa watu ni kuku wenu wa maonyesho? Mama yake yupo hai! Hai, nakwambieni, anapumua! Hilo kaburi ni la mama yangu mimi, na jiwe lake mmelitupa kama fuu la nazi! Kumpa mtoto unga mpaka mwone maiti? Mna roho gani nyie? Mnakula nini huko kwenu?"

Ngollo aliacha mwiko ndani ya ndoo. Amon alisogea karibu, akashusha sauti.

"Mama Tatu. Kama yupo hai, mtoto anatoka kwenye orodha leo hii. Ada, unga, bima, vyote. Sina namna." Akamtupia jicho mpiga picha. "Siku mama yake akitangulia mbele ya haki, leteni cheti. Tutamfikiria upya."

Tutamfikiria upya! Tatu alizamisha mkono kwenye ndoo, akachota saruji mbichi gao zima, akambandika nayo Amon kifuani, juu ya ile pasi kali. Amon alijitazama, akaanza kujipangusa polepole kwa kitambulisho chake.

"Umechanganyikiwa na msiba, mama," alisema mwishowe. "Nenda katulie. Kesho saa tatu uje ofisini, utanieleza vizuri. Nitaandika utakachoniambia."

Tatu alimpa kisogo. Alilirudisha jiwe la mama yake mahali pake kwa mikono yake mwenyewe, akambeba Shamila mgongoni, jitu zima la miaka minane, akaondoka.

Alirudi nyumbani kifua mbele. Kwa miaka miwili hakuwa amejisikia mwepesi namna ile. Alimsimulia Tunu kila kitu, jinsi alivyofoka, jinsi saruji ilivyolia pwaa kwenye shati, akacheka mwenyewe, akasubiri Tunu naye acheke.

Tunu hakucheka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Nimewapa zao."

"Na umejisikia vizuri?"

"Sana, mdogo wangu. Wallahi nisingesema ningepasuka."

"Haya. Hasira yako imeshiba. Mwanangu atashiba nini?"

Tatu aliokota kipande cha uzi sakafuni, akakiviringa kidoleni.

"Nakuuliza, da Tatu. Nani alikuruhusu kunifufua?" Tunu alijivuta kwa mkono wake mzima mpaka akakaa, jambo ambalo kwa kawaida lilihitaji watu wawili. Mate yalikuwa yanamtoka pembeni mwa mdomo na hakuyajali. "Mimi nilikufa kwa hiari yangu. Hukunilazimisha wewe, hakunilazimisha Amon. Kila siku mwanangu niliyemzaa ananiita mamkubwa, naitika. Unajua inavyochoma? Nimemeza miaka miwili. Wewe umeshindwa kumeza asubuhi moja!"

"Walikuwa wanamliza mtoto, Tunu!"

"Alie! Atalia dakika tano, atasoma miaka kumi. Wahenga walisema hasira hasara. Sasa mbona hasira ni zako, hasara ni yangu?"

"Na jiwe? Wameandika jina lako kwenye jiwe la kaburi! Wanataka kulisimika kichwani kwa mama yangu!"

Hapo Tunu alipunguza ukali kidogo, maana Bi Najiat ndiye aliyemfundisha kukaanga karanga. Lakini hakurudi nyuma.

"Mama yako tutamwomba radhi. Angekuwa hai angelibeba hilo jiwe mwenyewe. Waliweke, da Tatu. Waweke hata kumi. Sijaona mtu aliyeuawa na jiwe lenye jina lake. Waliouawa na njaa nimewaona, na wewe umewaosha." Nguvu zikamwishia, akarudi chini kwenye mto. "Kesho saa tatu utakwenda. Utaniua tena. Na safari hii usinifufue mpaka mwanangu amalize shule."

Tatu alitoka akakaa kwenye cherehani bila kushona. Alikuwa na hasira bado, tena nyingi kuliko za asubuhi, ila sasa hakuwa na pa kuzipeleka. Angemkasirikia nani? Tunu? Tunu alikuwa amesema kweli tupu.

Kesho yake alivaa baibui lake la kwendea msibani, akatembea kwa miguu mpaka Cheyo, kwenye ofisi ya shirika. Amon alikuwa na shati jingine. Alimkaribisha kiti bila kumtazama machoni, akafungua faili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Ile jana."

"Jana nilichanganyikiwa," alisema Tatu. "Ni lile kaburi. Lilinikumbusha mengi."

Amon aliandika. "Kwa hiyo mama yake Shamila?"

"Amefariki."

"Una uhakika, mama? Nitauliza mara moja tu."

"Nilimwosha mwenyewe."

Kalamu ya Amon ilikwenda mpaka mwisho wa mstari, ikasimama. Akainuka, akarudishia mlango, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mama Tatu, mimi nina masikio. Kile kikohozi nyuma ya pazia nakisikia kila nikija kwako. Lakini wakubwa zangu ukiwatajia neno 'yupo' wanafunga faili. Sasa wewe ulitaka nifanyeje?"

Alikuwa anajua! Miaka miwili anajua, na bado akaleta jiwe, na bado akasimama pale akimwacha mtoto alizwe. Tatu alimtazama, akatamani ndoo nyingine ya saruji. Na huku anamchukia hivyo, alijua vilevile kwamba kijana huyu ndiye aliyekuwa akimlisha Shamila kwa kujifanya kiziwi.

"Yule mpiga picha nimemwambia msiba ulikuzidi, na anaondoka Jumapili," alisema Amon akirudi kwenye kiti. "Tumalizie Jumamosi. Ngollo atasimika jiwe mapema, na lile la zamani hatalitupa, nimemwambia. Ni dakika tano tu."

"Sawa," alisema Tatu.

Alirudi Ng'ambo jua likiwa kali. Shamila alikuwa barazani, ametoka kumwogesha mama yake, anakamua kitambaa. Ndani Tunu alikuwa anakohoa. Tatu aliketi kwenye ngazi, akamwita mtoto karibu, akamwambia kwamba Jumamosi watarudi kule makaburini, kwamba jana yeye bibi yake alifoka tu, hakuna aliyekosea, na shule ataendelea nayo.

Shamila alikitandaza kitambaa kwenye kamba, akakinyoosha kona zote vizuri.

"Na hiyo Jumamosi, bibi," aliuliza, "nilie kidogo au nilie sana?"