Sigara za Evaristo

Shemeji yangu Ordelio havuti. Moshi ukimfikia tu hupiga chafya mpaka macho yanamtoka machozi. Ndiyo maana majirani walicheka walipomwona anazunguka Havana nzima kutafuta sigara nzuri. Nasema sigara zetu, zile nene za jani tupu la tumbaku, si vijiti vya karatasi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakaa nyumba moja naye na dada yangu Idalmis, na nilijua kinachomchoma.

Yalianza na maneno ya baba. Baba yetu, mzee Nemesio, alikuwa anakaribia kutimiza miaka themanini. Tulikuwa mezani, Ordelio akamuuliza kwa mapenzi kabisa, "Mzee, siku yako tukuletee nini?"

Baba akatafuna muhogo wake, akameza, akasema, "Sigara. Sigara ya kweli, si hizi takataka za duka la mgao. Kama zile alizokuwa akiniletea Evaristo."

Kijiko cha Ordelio kikasimama hewani. Evaristo Pupo alikuwa msokotaji wa sigara kiwandani, na kabla ya Ordelio, yeye ndiye aliyekuwa mchumba wa dada yangu. Aliahidi ndoa, akaiahirisha, akaahidi tena, mpaka ahadi ikaota ukungu na Idalmis akachoka kungoja. Ordelio alikuja kutengeneza friji letu, akarudi kesho yake kuangalia kama bado linapoa, akarudi na keshokutwa. Basi wakaoana. Jina la Evaristo halikutajwa nyumbani kwetu tangu siku hiyo, mpaka baba alipolitaja na muhogo mdomoni.

"Nitakuletea bora kuliko hizo," Ordelio akasema.

"Bora kuliko za Evaristo?" Baba akacheka. "Mwanangu, wewe shika friji zako."

Idalmis aliinuka akaenda kuongeza maji ya kunywa, na Ordelio akamtazama mgongo mpaka akatoweka jikoni.

Kuanzia hapo hakulala vizuri. Duka kubwa la watalii lilikuwa na bei ya kununulia ng'ombe. Mtaani San Rafael akakutana na kijana mmoja mwenye maneno matamu, ambaye mjomba wake, kama mijomba yote ya vijana wa San Rafael, anafanya kazi kiwandani. Ordelio akarudi na boksi zuri lenye mihuri na utepe wa dhahabu, kifua mbele. Nikaichana sigara moja kwa kisu mbele yake. Ndani mlikuwa na jani la mgomba lililokaushwa, takataka zilizofagiwa sakafuni, pamoja na unywele.

"Shemeji," nikamwambia, "hii ukimpa baba, siku ya kuzaliwa itageuka matanga."

"Usimwambie Idalmis."

"Idalmis yuko nyuma yako."

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga kitambaa kichwani, anazuia kicheko. "Ordelio, baba atavuta chochote. Acha kujitesa."

"Chochote, isipokuwa za fulani. Hizo ndizo zinazokumbukwa."

"Mimi sijakumbuka kitu. Baba ndiye aliyekumbuka."

"Basi mbona uliinuka ukaenda jikoni?"

"Kwa sababu maji yalikwisha, mwanamume wewe!"

Mwishowe muuguzi mmoja, aliyetengenezewa friji na Ordelio, akamwelekeza kwa mwanamke aitwaye Zoila, mtaa wa Cerro, anayeuza sigara nyumbani kwake, zisizo na chapa wala boksi. Ordelio akanichukua mimi, kwa kuwa mimi navuta. "Wewe uwe ulimi wangu," akasema.

Zoila alitupokea kwenye chumba kirefu chenye dari la juu, mvua imechora ramani ukutani. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye vidole vifupi na macho yasiyopepesa. Akatoa fungu lililofungwa kwa utepe wa manjano, akanikatia moja, akaniwashia mwenyewe.

Nimevuta tangu nikiwa msichana. Nakwambieni, sigara ile ilinifanya nikae kitako. Moshi uliingia mwepesi kama pumzi, ukaacha ladha ya kahawa na mbao, na jivu likasimama jeupe, refu, halidondoki. Ordelio alipiga chafya mara tatu, akanitazama kama mtu anayengoja jibu la daktari.

"Shemeji," nikasema, "tumefika."

Akakaribia kucheza. Akamshika Zoila mkono. "Mama, nani fundi wa hizi? Nataka nimshukuru."

"Mume wangu," Zoila akasema kwa maringo. "Kaulize kiwanda chochote. Evaristo Pupo."

Ordelio aliuachia ule mkono kama umemuunguza. Nami, kwa mshtuko, ulimi ukaniponyoka: "Evaristo! Ilibaki kidogo tu awe shemeji yangu."

Zoila akanigeukia polepole. Akainyoosha mikono yake, akanitoa sigara mdomoni, akaizima kwenye kisahani.

"Wewe ni dada wa Idalmis."

"Ndiyo, lakini—"

"Mara mbili mume wangu ameniita kwa jina hilo. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili nilimmwagia maji ya ndoo, kitandani." Akakusanya fungu lake. "Sigara hizi haziingii nyumba ya mwanamke yule. Nendeni."

Nilidhani Ordelio atatoka kwa hasira. Kumbe alivuta kiti, akakaa.

"Kwa hiyo bado anamtaja," akasema.

"Akiwa usingizini. Na mkeo je? Anamtaja?"

"Hamtaji kabisa. Hilo ndilo linaloniua."

Wakatazamana. Mimi nikawa kama sipo. Walianza kuulizana kama wagonjwa wawili kwenye benchi la hospitali: anaanzaje, huchukua muda gani, huwa mbaya zaidi lini. Zoila akataka kujua Idalmis ana umbo gani, ana sauti gani, nywele zake ni za kweli? Ordelio akataka kujua kama Evaristo ni mrefu kama anavyosikia.

"Mimi dada yake nipo hapa!" nikasema. "Mnazungumza kama mnauziana mbuzi."

Hawakunisikia. Zoila akasema, "Jumapili nitazileta mwenyewe. Bure, zawadi ya mzee. Lakini nataka nimwone kwa macho yangu."

"Njoo," Ordelio akasema bila kufikiri. Njiani kurudi nikamuuliza ana wazimu gani wa kumleta mke wa Evaristo nyumbani. Akajibu, "Nataka nimwone uso Idalmis akilisikia lile jina. Mara moja tu, shemeji. Kisha nitapumzika."

"Hutapumzika," nikamwambia.

Jumapili nyumba ilijaa. Majirani walipanda na viti vyao, nguruwe alikuwa kwenye tanuri la mwokaji wa mtaani tangu alfajiri, domino zinagongwa kwenye baraza. Zoila akaja na gauni jekundu, hereni mpaka mabegani, manukato yakimtangulia ngazini. Alijiandaa kupambana na malkia. Akakuta dada yangu jikoni, aproni imelowa mafuta, jasho linamtiririka shingoni, anakoroga sufuria ya wali na maharage meusi huku anaimba.

Ordelio akasema kwa sauti ya kutosha, "Idalmis, huyu ni Zoila. Mke wa Evaristo Pupo."

Akakodoa macho. Zoila naye akakodoa. Idalmis aliacha kuimba. Akajifuta mikono, akambusu Zoila shavuni. "Karibu, mwenzangu. Umekula?" Kisha akarudia sufuria yake, na hakuna aliyeona kitu.

Tukampa baba sigara. Watu wakanyamaza, maana baba akivuta kwa dhati huwa kama padri yuko madhabahuni. Akainusa, akaikata, akaiwasha, akafumba macho. Ordelio alikuwa kama amekalia kaa la moto. Hakujua aombe nini: mzee aipende, au aitupe.

"Hii si ya Evaristo," baba akasema.

"Ni yake, mzee," Ordelio akajibu kwa uchungu. "Mkewe kaleta mwenyewe."

"Basi kakudanganya. Evaristo alikuwa anakaza mno huku mdomoni, ukivuta mpaka taya zinauma. Nilikuwa nanyamaza kwa sababu kijana alikuwa anamtaka binti yangu, na mtu hakatai za bure." Baraza zima likacheka. "Hii ni ya mtu anayejua. Nani kaisokota?"

Zoila alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba magotini. Akainua vidole vyake vifupi, akavifungua.

"Ni mimi, mzee. Mume wangu mikono inatetemeka tangu augue. Hawezi tena kushika jani. Alinifundisha, nikaendelea. Lakini watu wananunua kwa jina lake. Nikiwaambia ni zangu, wataanza kukohoa."

"Upumbavu wao," baba akasema, akavuta tena. "Za kwako zimezishinda zake, mwanangu. Nasema mbele ya watu wote."

Zoila akainamisha kichwa, akalia kidogo, kwa fahari nadhani. Na Ordelio! Uso wake ulifunguka kama dirisha. Alijaza glasi za ramu, akawapigapiga watu migongoni, akawa anarudia, "Anakaza mno mdomoni! Mmesikia? Mno!"

Hapo ndipo Idalmis alipotokea mlangoni na mwiko mkononi. Alikuwa ameyasikia yote.

"Mikono inatetemeka?" akamuuliza Zoila, taratibu. "Hata kijiko hawezi?"

Maneno hayo tu. Lakini aliyasema kwa sauti niliyokuwa sijaisikia kwa miaka, sauti ya mtu anayeuliza nje ya chumba cha mgonjwa. Ordelio akaisikia. Kicheko kikamkauka mdomoni na chupa ikabaki imeinama juu ya glasi ya jirani mpaka ramu ikamwagika. Zoila naye akaisikia, machozi yakakatika.

"Kijiko anaweza," akajibu. "Akijitahidi."

Sherehe iliendelea, maana sherehe haina adabu. Zoila alipoaga, Idalmis akamfungia sahani: nyama ya nguruwe ameikatakata vipande vidogo vidogo, wali, muhogo wenye kitunguu saumu. "Mpelekee mgonjwa," akasema.

Zoila akaitazama ile nyama, jinsi ilivyokatwa ndogo. Ordelio alikuwa anaitazama pia. Hatimaye Zoila akaipokea.

"Nitampa," akasema. "Lakini nitamwambia nimepika mimi."

"Mwambie," dada yangu akajibu.

Wageni walipoondoka, Ordelio alisimama kando ya beseni la vyombo. "Ulimpenda," akasema.

"Nilimpenda. Ulidhani nilikuwa nachumbiwa kwa kulazimishwa? Nipe ile sufuria."

Akampa. Wakaosha pamoja mpaka vyombo vikaisha.

Baba aliishi miaka mingine kadhaa, na sigara zake zilitoka kwa Zoila. Ordelio alikwenda kuzichukua mwenyewe kila mara, wala hakukubali mtu mwingine apande mpaka Cerro. Siku moja akakuta friji lao limekufa, akalitengeneza, na ndipo alipomwona Evaristo kwa mara ya kwanza. Akarudi jioni, akakaa karibu na Idalmis aliyekuwa anapiga pasi.

"Nimemwona yule. Mtu wa kawaida tu. Hata hakukuulizia."

"Sawa," Idalmis akasema, akageuza shati upande wa pili.

Mimi nilikuwa nimekwisha kusikia kwa simu kutoka kwa Zoila, ambaye siku hizi huvuta nami. Nikangoja Ordelio ashuke dukani, nikamwambia dada yangu kwamba mumewe amedanganya. Kwamba Evaristo alimuulizia hata kabla fundi hajafungua mfuko wa zana zake.

Akacheka. "Najua. Ordelio akidanganya hujikuna sikio." Akapiga pasi kola, akapiga na mikono. Halafu bila kuinua macho akauliza, "Aliuliza nini hasa?"

"Kama bado unaimba ukipika."

Pasi ikasimama juu ya shati. Nikamwonyesha kwa kidole, asije akaiunguza. Akaiinua. Ngazini tukasikia chafya ya Ordelio anarudi, kwani nilikuwa nimewasha sigara, na Idalmis akaninong'oneza, "Nyamaza sasa."